Baridi Iliyotoka Kizingo

Kibokoni, Mombasa
8 Disemba 1946

Kwa ndugu yangu Haroon,

Assalaam alaikum. Sisi huku sote wazima, shukrani ni za Mola, na tunalotaka ni karatasi hii ikukute nawe u mzima wala hujaganda. Mama akusalimu sana. Shahnaz mwanangu naye akusalimu. Ameng'oka jino la mbele na kila aingiaye mlangoni lazima aonyeshwe pengo. Mume wangu bado yuko Kismayu, arudi mwezi wa tatu akijaliwa. Khalati wa Tononoka aulizia lini utaoa, nami nikamwambia aulize huko huko Nairobi.

Haya, sasa habari unayoingojea. Mtambo wako wa baridi wafanya kazi. Leo ni wiki tatu tangu uutie ukutani kwa mama ukakimbilia gari la moshi, na tangu siku ile mama alala. Joto la mwaka huu si la kuhadithia, Haroon. Watu wapanda kulala juu ya mapaa, lakini mama na ule moyo wake ngazi ya paa haiwezi, na mwaka jana uliona mwenyewe alivyokuwa akikesha akipepewa. Sasa ajifunika shuka, mama yetu, mwezi wa Disemba. Majirani waja mmoja mmoja wasema wamekuja kumwamkia, kumbe wamekuja kusimama mbele ya mtambo. Bi Mejumaa wa nyumba ya pili alivua kiatu akauweka mguu pale patokapo upepo, akasema sasa ajua kwa nini Wazungu hawana haraka ya kwenda kwao.

Fondo mwashi alimaliza kuziba vile vitundu vya hewa juu ya mlango na juu ya dirisha, kama ulivyomwagiza, ili baridi isitoroke. Ametia chokaa mpaka hapajulikani. Nyumba hii ilipumua kwa vitundu vile tangu enzi ya babu, nami sikupenda, lakini fundi ni wewe.

Nina mawili ya kukuuliza. La kwanza, mle chumbani mna harufu tamutamu, kama tunda lililoiva likapitisha siku. Si mbaya. Nafukiza udi asubuhi na magharibi, basi haisikiki. La pili, yule Mzungu wa Kizingo aliutoa kwa nini mtambo mzima kama huu akatiwa mwingine? Mama asema Wazungu huchoka na vitu. Mimi sijamwona mtu aliyechoka na baridi Mombasa. Niambie.

Mimi dada yako,
Hajra


Ngara, Nairobi
19 Disemba 1946

Kwako dada Hajra,

Waalaikum salaam. Barua yako nimeipata. Mimi mzima. Mpe mama salamu na mkono wake unibusie. Mwambie Shahnaz nitamletea peremende, lakini kwa meno yaliyobaki tu.

Kazi nimeanza. Bwana Tayebali mwenye karakana ni mtu mwema ila asema sana. Alinipokea kwa barua ya sifa niliyopewa na ofisi yangu ya Mombasa, na ameiweka ukutani. Kazi zetu nyingi ni kwenye nyumba za Wazungu huko vilimani. Ni watu wale wale, dada. Akiwa Kizingo ataka umpoze, akiwa Muthaiga ataka umpashe moto. Huku twatengeneza meko ya ukutani, twazibua dohani, twabadilisha matangi ya maji moto.

Wiki iliyopita niliitwa nyumba moja nikakuta wameziba dohani kwa magunia, mvua isiingie, kisha wakawasha makaa ndani. Watu wote vichwa vyawauma, mpishi atapika, nao wasema ni nyama ya jana. Nikayavuta magunia yote. Nilimwambia bibi mwenye nyumba kwamba chumba kisichopumua humla aliyemo. Alikasirika, lakini jioni alinipa chai.

Harufu ile ni ya rangi mpya niliyoupaka mtambo. Itakwisha. Mtumishi wetu Ngumbao aendelee kufungua madirisha ya mama kila asubuhi, saa nzima, asisahau hata siku moja. Hilo tafadhali lisimamie wewe mwenyewe.

Ndugu yako,
Haroon


Kibokoni
5 Januari 1947

Kwa Haroon,

Salamu nyingi zikufikie, kisha zikuulize kama huko Nairobi mwafundishwa kuandika kwa kubana. Dada yako ameuliza mawili, umejibu moja. Barua ya mtu aliye mbali na mamake haiwi kama risiti.

Shahnaz mzima. Khalati mzima. Mama si mzima, na ndiyo sababu nimekaa kitako kuandika asubuhi hii kabla sijaingia jikoni.

Alianza kwa kuumwa na kichwa. Nikasema ni jua. Kisha akawa aamka amechoka kuliko alivyolala. Sasa hulala mpaka adhana ya adhuhuri, na akisimama apepesuka, ashika ukuta. Juzi alinena na mimi ulimi mzito, akaniita kwa jina la marehemu babaetu. Daktari alikuja, akamgusa tumbo, akatoa dawa ya tumbo. Bi Mejumaa asema ni jicho, kwa kuwa mtaa mzima umekuja kuitazama baridi yetu. Mama mwenyewe asema hana kitu, na ukimwambia ahame chumba asema mmemzoesha pepo kisha mwataka kumtoa.

Sasa sikiliza jambo hili. Wiki ya Krismasi nilimpeleka Tononoka kwa khalati siku tatu. Siku ya pili tu alikuwa mama yule yule, akinitukania pilau yangu, akihesabu makosa ya khalati tangu utoto wao. Tumemrudisha nyumbani, siku mbili, amekuwa mlevi tena. Mimi si daktari, lakini macho ninayo.

Na nimeisoma mara mbili ile hadithi yako ya magunia na dohani. Chumba kisichopumua humla aliyemo, ndivyo ulivyomwambia bibi wa Kizungu. Basi vitundu vya mamako ulivyoamuru vizibwe ni kitu gani? Nijibu hilo. Na unijibu lile la Mzungu wa Kizingo, maana naona unalizunguka kama paka na bakuli la maziwa ya moto.

Mjini pana minong'ono. Ngumbao asema wafanyakazi wote watagoma, wa gatini, wa reli, wa majumbani. Akigoma naye, sijui nani atanifungulia yale madirisha. Komeo lake limeshika kutu, na ni yeye peke yake ajuaye pa kuligonga.

Hajra


Ngara
11 Januari 1947

Dada Hajra,

Waalaikum salaam. Nimesikitika kwa hali ya mama. Huku twashukuru.

Tafadhali mama asilale tena chumba kile mpaka nije. Nitaomba ruhusa mwezi wa pili. Umeme si mzuri kwa watu wazima, huchosha damu, hata huku wasema hivyo. Alale kwako. Mtambo uzimwe.

Vitundu nimevizibua katika mawazo yangu mara nyingi tangu nilipopata barua yako. Mwite Fondo avizibue. Mwambie ni mimi niliyebadili nia.

Usimwambie mama chochote cha kumtisha.

Haroon


Kibokoni
17 Januari 1947

Ndugu yangu,

Assalaam alaikum wa rahmatullah. Natumai u mzima. Kwako hakujaja kitu, na hata kama umeandika sidhani kama kutakuja, maana leo ni siku ya tano ya mgomo na mji umekaa kama nyumba iliyofiwa. Gatini kimya, hotelini kimya, ukitoka Mwembe Tayari huoni hata mkokoteni. Ngumbao alikuja kuniaga Jumapili kwa adabu zake zote. Alisema, "Mama Shahnaz, mimi na nyumba hii hatuna ugomvi, lakini wenzangu wakisimama nami nasimama." Nikamwambia asimame, Mungu amsaidie, kwa mshahara ule hata mimi ningesimama. Basi madirisha ya mama hayajafunguliwa tangu siku hiyo. Nimeligonga lile komeo mpaka mkono umevimba.

Jumatano fyuzi ikaungua na mtambo ukanyamaza. Fundi wa umeme naye yuko mgomoni. Mama akasema fungeni mlango upesi, baridi iliyobaki isitoke. Twaingia na kutoka kwa upenyo.

Sasa nikupe habari, nawe usinicheke. Jana magharibi, usiku wa kuamkia Ijumaa, nilimwashia mama kandili yake ya shaba, ile aliyotoka nayo kwao. Nikaiweka sakafuni karibu na kitanda. Ule mwali, Haroon, ukageuka kijani. Si kijani cha kudhani. Kijani kama bendera ya msikitini. Nikaiinua nikaiweka juu ya meza, ukarudi mwekundu. Nikaishusha, ukawa kijani tena, karibu na pale mama alalapo. Shahnaz alipiga makofi. Mama alikaa kitandani akalia, akaanza kusalia Mtume, na mwezi wa Mfungo Sita, aliozaliwa Mtume, ndio huo waingia. Nami nikalia, nakwambia kweli, mimi niliyekuwa nikikuandikia maneno ya chumvi.

Bi Mejumaa ameona. Mkewe imamu ameona. Nyote mliokuwa mkisema ni jicho, nimewaambia, tazameni. Mama akipepesuka sasa wamshika mkono kwa heshima, wasema mwili wazidiwa na nuru. Wameamua mwaka huu Maulidi ya wanawake yasomwe kwetu, chumbani mwa mama, Jumapili tarehe pili Februari baada ya alasiri. Watakuja wanawake arubaini au zaidi. Nimeshaagiza halua.

Ile harufu ipo bado. Mama asema ndiyo harufu ya peponi.

Hajra


TELEGRAMU
Nairobi, 29 Januari 1947
HAJRA KIBOKONI MOMBASA
MSISOME MAULIDI CHUMBANI. MTOE MAMA. BOMOA DIRISHA. HAROON


Kibokoni
30 Januari 1947

Haroon,

Salamu. Wote wazima, isipokuwa mama, nawe wajua.

Juzi nimeipata barua yako ya tarehe kumi na moja, imesafiri polepole kuliko kobe kwa ajili ya mgomo. Leo nimepata telegramu. Tarishi aliisoma kwa sauti barazani mbele ya watu, kwa kuwa nilikuwa na unga mikononi. Basi mtaa mzima wajua kwamba Haroon wa Nairobi ametuma waya kukataza Maulidi.

Ilinibidi nimsomee mama, maana alikwisha sikia kelele. Akauliza, "Mwanangu amekuwa mtu wa dini gani?" Hajala chakula cha mchana.

Nilimuuliza daktari kama umeme huchosha damu ya watu wazima. Alicheka mpaka akavua miwani. Sasa nitakuamini vipi kwa hili, Haroon, ikiwa lile la kwanza lilikuwa uwongo? Nakujua tangu uko kwenye nepi. Ukivunja kitu ulikuwa ukisimama mbali nacho, ukitwambia tusipite upande ule, wala husemi kwa nini.

Nipe sababu moja ya kweli, moja tu, nami nitambeba mama mgongoni mpaka Tononoka, hata akinipiga njiani. Bila sababu siwezi kuwafukuza wanawake arubaini na kumvunja moyo mzee mgonjwa mwezi huu wa Mtume. Fondo kenda kwao kuzika, hajarudi kuzibua vitundu. Ngumbao amerudi kazini, na madirisha ayafungua asubuhi, na mama huona nafuu kidogo mpaka yafungwe. Hilo nimelifanya kwa ajili yako. Fundi wa umeme aja kesho kutia fyuzi.

Nangoja.

Hajra


Ngara
31 Januari 1947

Dada yangu Hajra,

Assalaam alaikum. Sina habari ya kukupa ila hii, na salamu nyingine zote nitazitoa nikijaliwa uso wa kuzitolea.

Barua hii anaileta kwa mkono Nicodemus, mtu wa Rabai tufanyaye kazi naye, apandaye gari la moshi leo kwenda likizo. Atafika Jumamosi asubuhi. Ukiisha isoma mtoe mama kwanza, kisha soma tena.

Waniuliza kwa nini Mzungu wa Kizingo aliutoa mtambo. Wakati wa vita gesi yake ya asili haikupatikana, ofisi yetu ikautia nyingine, ile yenye harufu tamu. Ni gesi ya kulevya. Kidogo yake huleta kichwa kuuma. Mtu akiivuta siku nyingi, hupepesuka na ulimi ukawa mzito. Ikizidi, hulala asiamke. Bomba lilipotoboka, mke wa Mzungu aliugua mwezi mzima na wakamtibu malaria. Siku moja walimkuta mbwa wao sakafuni mbele ya mtambo, amekufa, hana jeraha. Mzungu akasema utolewe siku ile ile. Mkubwa wangu aliniamuru niupeleke ukavunjwe. Nikatia sahihi kwamba umevunjwa, nikauleta kwa mama.

Nililiziba lile tundu kwa lehemu ya risasi, laini, kwa kuwa ile ngumu ilikuwa ndani ya ghala na ningeulizwa ni ya nini. Nilijua haitadumu. Nilidhani itafika mwisho wa kaskazi, kisha nije niibadilishe pole pole, wala asijue mtu. Nilitaka mama alale, Wallahi. Na nilitaka pia watu wa Kibokoni waseme Haroon ametia baridi nyumbani kwao kama ya Kizingo. Yote mawili yalikuwemo.

Mwali wa kijani si nuru, dada. Sisi mafundi tukitafuta mahali pavujapo gesi, twapitisha mwali wenye shaba. Ukigeuka kijani, gesi ipo pale. Nimefanya hivyo mara mia. Gesi hii ni nzito, hukaa chini, ndiyo maana mezani haukugeuka. Niliposoma barua yako nilikuwa nimesimama karakanani na taa hiyo hiyo mkononi, nikakaa chini mbele ya watu. Walidhani nimefiwa.

Najua utauliza kwa nini sikuyaandika haya katika telegramu. Karani wa posta ni shemeji yake Tayebali. Niliandika karatasi ya kwanza yenye kila kitu, nikaichana. Jana jioni nilikwenda stesheni nije mwenyewe, nikafika mpaka langoni, nikarudi. Nilimwona mama akiniuliza mlangoni nimekuja kufanya nini.

Usimwashie hata kibiriti humo. Mtoe yeye, mtoe Shahnaz. Kisha unitukane.

Haroon


Kibokoni
10 Februari 1947

Haroon,

Waalaikum salaam.

Telegramu yangu ya tarehe tatu umeipata, wajua kwamba mama hayupo. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Hukujibu wala hukuja, basi nakuandikia ujue ilivyokuwa, kwa kuwa ni haki yako na ni adhabu yako.

Fyuzi ilitiwa Ijumaa. Jumapili mama aliamka na furaha. Akataka mtambo uwashwe tangu adhuhuri na madirisha yafungwe, wageni wakute baridi. Nilimkatalia mara mbili. Mara ya tatu alisema, "Hajra, hii huenda ikawa Maulidi yangu ya mwisho," na mimi nikafunga madirisha kwa mkono wangu. Ulinigutua na ile telegramu, lakini hukunipa cha kumjibu.

Walikuja arubaini na saba. Walikaa mpaka ngazini. Tuliwasha mishumaa katika vinara vya shaba tukaipanga sakafuni katikati, na kila mwali uliokuwa upande wa mtambo ulikuwa kijani. Wanawake walilia. Kulikuwa na kikohozi, na moshi mchungu wa kuwasha koo, nikadhani ni udi mbaya. Wawili walizimia na wengine wakasema wamepandwa na mahaba ya Mtume. Tulipokwisha kusimama kwa kiyamu nikasema tushukeni ukumbini kwa marashi na halua, maana mimi mwenyewe kichwa kilikuwa chazunguka. Mama akasema atabaki. Alikuwa ameketi juu ya mkeka, chini, kando ya mtambo, pale palipokuwa na baridi zaidi. Shahnaz alikuwa naye. Nilimwita mwanangu aje apeleke visahani, akaja akijikokota, akatapika kwenye ngazi. Nilimgombeza kwa kula halua kabla ya wageni.

Nilipopanda na kahawa ya mama alikuwa ameegemea ukuta, macho yamefumba, uso mzuri. Nilifikiri amelala. Nikamwekea kahawa kando, nikamfunika miguu, nikashuka. Nilimfunika miguu, Haroon. Ni Bi Mejumaa aliyepanda mara ya pili, ndiye aliyepiga ukelele.

Tulimzika Jumatatu asubuhi. Watu walijaa mtaa mzima, maana habari ya nuru ilikuwa imefika hadi ng'ambo. Saa nane mchana, mkeka wa matanga umekwisha tandikwa, akaja mtu mmoja mpole amevaa kofia ngumu ya jua, akauliza ndipo kwa Bi Hajra. Ni Nicodemus wako. Aliposikia kilio alitaka kurudi, akaona haya, akanipa barua. Alifika mjini Jumamosi asubuhi kama ulivyosema. Akaenda kwao Rabai kwanza, akalala, Jumapili akaenda kanisani. Nikamwuliza kwa nini hukuileta Jumamosi. Akasema, "Haroon aliniambia ni salamu tu za nyumbani, haina haraka." Nilimpa maji akanywa. Hana kosa.

Jumamosi asubuhi mama alikuwa akila maandazi karibu na dirisha lililo wazi.

Barua yako nimeisoma peke yangu. Hajaiona mtu. Shahnaz apata nafuu; daktari amekuja nami nikamwambia gesi, sikumwambia ya nani. Ngumbao na binamu yake Chirau waliung'oa mtambo, wakaupeleka wakaupondaponda mbele yangu kwa nyundo, mahali peupe, upepo ukivuma. Fondo amezibua vitundu vyote. Sasa waja wanawake wagonjwa kuomba walale chumbani mwa mama walau usiku mmoja, wapate baraka. Wauliza nuru imekwenda wapi. Nawaambia imekwenda na mwenyewe, kisha nageuka niingie jikoni nisionekane uso.

Arubaini yake itaangukia katikati ya Machi. Utakuja, na si kwa ajili ya kula hitma. Utasimama barazani mbele ya watu wale wale waliosikia telegramu yako, uwaambie ilikuwa nini. Mimi sitakusemea. Nimekubebea mengi tangu tuko wadogo, hili ni zito mno kwangu. Usipokuja, barua yako nitampa imamu aisome.

Limebaki moja, nalo sikutaka kuliandika, lakini halinipi usingizi, na sioni kwa nini nilibebe peke yangu. Maulidi yalipokwisha, kabla hatujashuka, wanawake walimwomba mama atuombee dua, yeye aliye mkubwa wetu. Alikuombea wewe. Alisema umemhuzunisha kwa telegramu yako lakini u mwanawe, na hajapata kulala maishani mwake kama alivyolala katika baridi uliyomletea. Akainua mikono, akasema, "Ya Rabbi, mlipe Haroon mfano wa alichonitendea mimi." Wanawake arubaini na saba wakaitikia amina, na mimi niliitikia kwa sauti kuliko wote.

Hajra